Kabla hujaandika "mkono": jinsi ya kulisoma neno "hand"

Chukua uzi mwekundu, ufunge kwenye kifundo cha mkono wako wa kulia. Usikaze. Kutoka kwenye uzi hadi ncha za vidole, hapo Mwingereza anapaita "hand". Kutoka kwenye uzi kupanda hadi begani, hiyo ni "arm". Sisi tuna kiganja, tuna kigasha, tuna kiwiko, lakini linalotangulia mdomoni ni mkono, na mkono wetu unaanzia begani. Hapo ndipo yanapozaliwa makosa mengi ninayosahihisha kila jioni barazani kwangu hapa Majengo, Mombasa, nikikaa na vijana wanaotafuta kazi za meli na hoteli.

Mmoja wao alianguka na mkokoteni karibu na Mwembe Tayari. Kwenye fomu ya ajali akaandika kwa Kiingereza kwamba amevunjika "hand". Fomu ikarudishwa, kwa sababu picha ya eksirei ilionyesha mfupa wa juu ya kiwiko. Akasubiri wiki nzima kwa neno moja. Tangu siku hiyo nina kibunda cha uzi mwekundu mfukoni, na kila mwanafunzi mpya namfunga mimi mwenyewe.

Uzi unakuonyesha kiungo. Maana nyingine zinataka njia nyingine, na yangu ni hii: andika sentensi nzima daftarini, weka kidole juu ya neno "hand", kisha isome sentensi kana kwamba pana tundu. Jiulize ni neno gani la Kiswahili lingelijaza tundu hilo kama usingeliona la Kiingereza kabisa. Likija lenyewe "mkono", vema, andika. Mara nyingi haliji.

Tuanze na bahari. Melini mtu huitwa kwa mkono wake, kwa kuwa ndio uliokodiwa. "Deckhand" ni baharia wa sitahani. "All hands" ni mabaharia wote, kuanzia nahodha. Kijana mmoja alinisomea sentensi kwamba meli ilikuwa "lost with all hands", akatafsiri kwamba ilipotea na mikono yote, wenzake wakacheka. Nikamwambia afunike neno kwa kidole, asome tena. Akasoma polepole. Meli imezama, hakuna aliyeokoka. Akanyamaza, maana ami yake alikwenda na bahari hivyo hivyo. Hajalisahau neno lile, nami sikuhitaji kulieleza mara ya pili.

Kutoka hapo utaelewa kwa nini kibarua wa shambani ni "farmhand" na mtu aliyeizoea kazi ni "old hand". Huyu si lazima awe mzee. Mvuvi wa miaka 25 aliyeanza kutoka na baba yake akiwa na miaka 10 ni "old hand" kamili. Ukitaka visawe vya maana hii, tumia "worker" au "labourer" kwa kibarua, na "crew" kwa mabaharia wote kwa pamoja.

Sasa nenda Kongowea. Sokoni pale maana mbili zinauzwa chini ya jua moja. Kwenye ndizi, chane moja iliyokatwa kutoka kwenye mkungu huitwa "hand", na kila ndizi ndani yake huitwa kidole, "finger". Itazame chane kwa karibu utaona walikotoa jina: vidole vimepangana, vimejikunja kidogo kama vya mtu anayepokea sadaka. Kwenye nguo, "secondhand" ni mitumba, kitu kilichokwisha kupita kwa mwenyewe wa kwanza. Habari nayo yaweza kuwa "secondhand", uliyoisikia kwa mtu. Uliyoishuhudia kwa macho yako ni "firsthand".

Mkono wa saa hauna taabu, tunao vilevile. Karata unazoshikilia mchezoni nazo ni "hand". Mwandiko pia. Kumposa msichana ni kuomba "her hand", na hapo kisawe unachokitaka ni ndoa. Farasi ndio huwashangaza wengi: urefu wake hupimwa kwa "hands", kila moja inchi 4, yaani sentimita 10.16. Ukiona farasi wa 15.2, usisome kama desimali. Ni "hands" 15 na inchi 2, jumla inchi 62. Bibi zetu walipima kitambaa kwa shibiri na dhiraa, kwa hiyo wazo lenyewe si geni kwetu.

Sehemu inayonikera, na ambayo nakuomba uisome mara mbili, ni vile vineno vidogo vinavyofuata. Jirani yangu alimtuma mwanawe kwenye ofisi moja mjini, barua ikisema "hand in" vyeti vyake kabla ya Ijumaa. Kijana akaelewa aende navyo mkononi. Alhamisi akafika, akavionyesha pale mapokezi, akashukuru, akarudi navyo nyumbani. Jumatatu nafasi ikawa ya mwingine. "Hand in" ni kukabidhi na kuacha. Kisawe chake ni "submit". Kama angelifunika lile neno kwa kidole na kujiuliza vyeti vinatakiwa viishie wapi, angeviacha mezani. Kwa hiyo kila ukikuta "hand" ni kitendo, tafuta kitu kinatoka kwa nani na kinafika kwa nani. "Hand out" kinakwenda kwa wengi, ni kugawa. "Hand over" kinabadilisha mwenyewe au msimamizi: funguo, zamu, mfungwa. "Hand down" kinashuka, kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu, au hukumu kutoka kwa jaji.

Jihadhari na "out of hand", ina sura mbili. Mkutano ukiwa "out of hand", umeshindikana, hautulizwi tena. Ombi likikataliwa "out of hand", limekataliwa papo hapo bila kutazamwa. Na "give a hand" inategemea mahali uliposimama: mtu aliyebeba gunia akikuambia, msaidie, mshereheshaji wa harusi akisema kuhusu bibi harusi, piga makofi.

Njia ya kurudi, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, nayo ina mitego yake. Sisi tukienda matangani humpa mfiwa mkono wa tanzia. Ukiandika kwamba ulimpa "a hand", Mwingereza atadhani ulibeba viti na masufuria. Andika "I offered my condolences". Kuunga mkono ni "support". Mkono wa kanzu ni "sleeve". Mwenye mkono wa birika ni bahili, na hapo usijaribu kulitafuta birika upande wa pili, sema "miser" iishe. Mkono mtupu ndio uliobahatika: "empty-handed" inalingana nao sawasawa.

Visawe usivikusanye kama shanga. "Palm" ni upande wa ndani tu, pale ubani na hina hukaa. "Fist" ni mkono uliofumbwa, ngumi. "Paw" ni wa mnyama, ukiusema wa mtu unamtukana. Ukiona "manual" au "manuscript", ujue mkono umo ndani, umetoka kwenye Kilatini, "manus": kazi ya mikono, na maandishi ya mkono.

Ukurasa wa "hand" ukijaa, fungua ukurasa wa "foot". Uzi ni uleule, safari hii ufunge kwenye kifundo cha mguu.