Ripoti ya skani ya mama imekuja na habari zisizopendeza: anzia wapi

Kwa mama mwenye saratani ya matiti iliyosambaa, siku hizi ripoti ya skani mara nyingi huingia kwenye simu kabla ya siku ya kliniki. Usiifungue kimyakimya. Muulize mama kwanza: "Majibu yametoka. Tuyaangalie pamoja, niyasome mimi, au tumsubiri daktari?" Jibu lolote atakalotoa liheshimu, na ukumbuke anaweza kulibadilisha keshokutwa. Wanaosoma kwa siri husalitiwa na uso, na mama akishaona uso huo atawaza mabaya kuliko yaliyoandikwa. (Kama mgonjwa ni baba, kwa kuwa wanaume nao hupata saratani ya matiti ingawa ni wachache, mambo ni hayo hayo.)

Akikuruhusu usome, anza na mstari unaotaja skani iliyotumika kulinganisha. Watu huuruka, kumbe ndio unaoamua maana ya mengine yote. Tuseme mama alianza dawa mpya miezi miwili baada ya skani iliyopita. Ripoti ikisema vinundu vimekua, huenda vilikua katika miezi ile miwili ambayo dawa ilikuwa haijaanza, na ripoti haiwezi kujua hilo. Kama skani ya zamani ilipigwa hospitali nyingine, uliza kama picha zenyewe zilionekana au ni karatasi tu iliyosomwa. Ni picha ndizo zinazolinganishwa, kwa hiyo zipelekeni kwenye CD.

Kisha chukua daftari uandike: kila uvimbe, mahali ulipo, kipimo cha zamani na kipya kwa milimita. Mfano: ini, 14 ikawa 16, pafu, 22 ikawa 23. Jumla imetoka 36 hadi 39, yaani imepanda kwa asilimia 8 hivi. Kigezo kinachotumika sana kwenye majaribio ya dawa huhesabu kwamba ugonjwa umeendelea pale jumla inapopanda kwa angalau asilimia 20, na angalau milimita 5, kutoka jumla ndogo kabisa iliyopatikana tangu matibabu yaanze, au unapotokea uvimbe mpya usio na shaka. Kama 36 ndiyo ilikuwa ndogo kuliko zote, huo ni ugonjwa uliotulia. Tofauti ya milimita moja au mbili inaweza kutokana tu na mahali picha ilipokatiza uvimbe au na aliyepima. Kwa saratani iliyosambaa, kutulia ni habari njema, hata kama neno lenyewe halifurahishi kama "umepungua".

Mifupa ina mtego wake. Dawa ikifanya kazi, mfupa hujijenga upya, na mfupa unaojijenga huvuta zaidi ile dawa ya mionzi inayochomwa kabla ya skani ya mifupa. Basi katika miezi mitatu hivi ya mwanzo wa matibabu, sehemu zinazopona zinaweza kung'aa kuliko awali, hata zikaonekana kama madoa mapya. PET, yaani skani inayong'arisha sehemu zinazotumia sukari nyingi mwilini, nayo huonyesha tezi za kwapa zilizochokozwa na chanjo ya karibuni, maambukizi, na uboho ulioamshwa na sindano za kupandisha chembe nyeupe. Mwandikie daktari tarehe za chanjo, sindano na homa. Lakini usigeuze maelezo haya kuwa kichaka cha kujifichia: uvimbe mpya kwenye ini au ubongo unahitaji majibu ya daktari, si faraja ya mwana.

Siku ya kliniki, mmoja asikilize na mwingine aandike, au ombeni ruhusa ya kurekodi. Maswali yawe machache na yahusu uamuzi. Je, hiki ni kukua kwa hakika, au turudie picha baada ya wiki chache? Maumivu, pumzi na uzito wa mama vinaafikiana na picha? Kama ni sehemu moja tu iliyokua, inaweza kupigwa mionzi huku dawa ikiendelea? Kinyama cha uvimbe kichukuliwe upya kikapimwe maabara? Swali hili la mwisho lina uzito, kwa sababu vipokezi vya homoni na HER2 (alama kwenye chembe za saratani zinazoelekeza dawa ipi itumike) vinaweza kubadilika ugonjwa unaposambaa, na vikibadilika, dawa nayo hubadilika. Kwa saratani inayotegemea homoni, ulizeni pia kuhusu kupima mabadiliko ya jeni kama ESR1 na PIK3CA. Na ulizeni huduma shufaa mapema: ni ya kutuliza maumivu, kichefuchefu na hofu wakati matibabu yanaendelea, haisubiri dawa ziishe. Mpaka mmeonana na daktari, asiache wala kupunguza dawa.

Yapo mambo yasiyosubiri miadi. Maumivu mapya ya mgongo pamoja na miguu kulegea, ganzi kati ya mapaja, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo: hospitali siku hiyo hiyo, kwani uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa, na saa chache huamua kama atatembea. Vivyo hivyo homa ya nyuzi 38 au zaidi akiwa kwenye kemo, pumzi kukatika ghafla, degedege, kichwa kuuma sana pamoja na kutapika, au kiu kali na kuchanganyikiwa, ambavyo vinaweza kuwa dalili za kalsiamu kupanda kwenye damu.

Nyumbani, chagueni msemaji mmoja wa kujibu ndugu, na mama ndiye aamue kinachosemwa. "Utapona tu, mama" humfunga mdomo, maana hawezi tena kukuambia anaogopa. Bora umuulize, "Kipi kinakusumbua zaidi usiku?" kisha unyamaze. Huenda akajibu jambo usilolitarajia, kama vile nani atabaki na mjukuu siku za sindano, na hilo mnaweza kulipanga leo.

Kabla hamjaondoka kliniki, pangeni skani ijayo: aina ile ile na, ikiwezekana, mashine ile ile. Miadi ya daktari iwekwe siku chache tu baada yake, ili ripoti isikae na mama peke yake wiki nzima.