Kabla hujaamuru mafaili yahame

Ukifuta faili kwa panya kwenye Windows, lina pa kwenda: linakaa kwenye pipa la taka mpaka ulimwage. Faili lililofunikwa na jingine kwa `mv`, amri ya Linux ya kuhamisha mafaili na kubadili majina yake, halina pa kwenda. Linux kwa kawaida haikuulizi wala haikuonyi, na ikimaliza haisemi kitu. Unaona tu mstari mpya unasubiri amri nyingine. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii ifanyike kabla hujabonyeza Enter.

Hapa Kigoma kazi ya namna hii inawapata wengi: mwenye steshenari pale Mwanga aliyejaza kompyuta fomu alizoskani, mpiga picha mwenye sendofu na harusi za mwaka mzima, karani mwenye ripoti za halmashauri zote za mkoa. Tumchukue karani, maana mafaili yake yana karibu kila mtego.

Mkubwa wake amemwambia, "Dada, hizi ripoti nitenganishie, kila halmashauri na folda yake." Ndani ya folda kuna "Kigoma Wilaya Machi.xlsx", "Kigoma Ujiji Machi.xlsx", "Kasulu Mji Machi.xlsx", "Kasulu Wilaya Machi.xlsx" na nyingine za kila mwezi. Akiandika `mv Kigoma* kigoma_wilaya/`, kinyota, kinachosimama badala ya herufi zozote, kitazoa na za Manispaa ya Kigoma Ujiji, kwa sababu nazo zinaanza na Kigoma. Kasulu hivyo hivyo. Kompyuta haijakosea hapo, imefanya ilichoambiwa. Dawa yake ni rahisi: kinyota chochote unachotaka kukitumia kuhamisha, kitumie kwanza kuorodhesha. Andika `ls Kigoma*`, au `dir Kigoma*` kama uko Windows, usome yote yaliyotokea, ndipo ubadilishe neno la kwanza la amri na kuongeza folda ya kupokelea mwishoni. PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, ina kitu kizuri zaidi: ongeza `-WhatIf` mwishoni mwa Move-Item (kuhamisha) au Rename-Item (kubadili jina), itakueleza ingefanya nini bila kugusa chochote.

Kuna jambo lingine ambalo amri haiwezi kulijua. Wilaya za Buhigwe, Kakonko na Uvinza zilianzishwa mwaka 2012: Buhigwe ilimegwa kutoka Kasulu, Kakonko kutoka Kibondo, na Uvinza kutoka iliyokuwa Kigoma Vijijini. Ripoti ya Kasulu ya 2010 ina vijiji ambavyo leo viko Buhigwe. Je, faili hilo liende wapi? Hilo linaamuliwa na binadamu, tena kabla. Mimi ningeacha jina la wakati ule kama lilivyo na kuweka mwaka mbele yake, kuliko kulibatiza upya na kumdanganya atakayelifungua baadaye.

Sasa folda ya kupokelea. Hapa ni rahisi kupoteza data nyingi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tuseme unataka kuhamisha picha zote kwenda folda iitwayo picha, na umesahau kuitengeneza. Unaandika kitanzi kinachochukua faili moja moja:

`for f in *.jpg; do mv "$f" picha; done`

Folda haipo, kwa hiyo picha ya kwanza haihamishwi, inabadilishwa jina na kuitwa "picha". Ya pili nayo inaitwa "picha", inaifunika ya kwanza. Ya tatu inaifunika ya pili. Mwisho wake una faili moja, lisilo hata na kiambishi cha .jpg, na ndani yake mna picha ya mwisho tu. Harusi nzima imekwisha na hakuna ujumbe hata mmoja wa kosa. Tengeneza folda kwanza kwa `mkdir`, kisha andika jina lake na mkwaju mwishoni, `picha/`. Folda isipokuwepo, huo mkwaju unaifanya amri igome badala ya kubuni. Ongeza na `-n` ili isifunike kilichopo, au `-i` ikuulize kila mara. Kwa kazi ya mafaili mengi napenda `-n` pamoja na `-v`, ambayo inataja kila inachohamisha.

Wa Windows wasicheke. Amri ya `move` ukiiandika kwa mkono inauliza kabla ya kufunika, lakini ikiwa ndani ya faili la .bat, yaani faili la amri zinazoendeshwa kwa mfululizo, haiulizi. Na anayeandika programu kwa lugha ya Python ajue kwamba `os.rename`, amri yake ya kubadili jina, ikikuta jina tayari lipo itakataa kwenye Windows, ila kwenye Linux italifunika faili hilo kimya kimya. Skripti iliyojaribiwa kwenye laptopu ya ofisini na kupelekwa kwenye seva inaweza kubadili tabia njiani bila herufi moja kuguswa.

Majina yenyewe nayo yakaguliwe. Nafasi katikati ya jina hulifanya lionekane maneno mawili, kwa hiyo jina lifungwe kwa alama za nukuu. Sisi tunaoandika Kiswahili tuna tatizo letu: ng'. Faili la "chanjo ya ng'ombe.xlsx" ukilifunga kwa nukuu za mkato mmoja, ule mkato wa ng' unafunga nukuu katikati ya jina na amri inavurugika. Tumia nukuu za mikato miwili. Tena mkato ulionakiliwa kutoka Word mara nyingi ni ule uliopinda, na kwa kompyuta si herufi sawa na ulionyooka. Mafaili mawili yanaweza kuonekana pacha kwa macho na yasiwe na jina moja. Kwenye majina mapya afadhali kuacha mkato kabisa, uandike "ngombe". Mwalimu wa Kiswahili atusamehe.

Herufi kubwa na ndogo: kwa kawaida Windows inaona "Kibondo.xlsx" na "kibondo.xlsx" ni jina moja, Linux inaona mawili. Ukitoa mafaili kwenye seva ya Linux kuyaleta Windows, mojawapo linaweza kumezwa. Tarehe ziandikwe mwaka kwanza, 2025-03-07, zijipange zenyewe. Namba ziwe 01, 02, la sivyo kwenye orodha ya `ls` au `dir` 10 itakaa kabla ya 2.

Kwa mafaili yanayozidi yale unayoweza kuyahesabu kwa jicho, usibadili jina lolote kabla ya kuwa na orodha ya safu mbili: jina la zamani, jina jipya. Toa majina kwa `dir /b`, uyaelekeze kwa alama ya `>` kwenye faili la maandishi lililo folda nyingine (ukiliweka humo humo, nalo litajiorodhesha), kisha yafungue kwenye Excel. Safu ya pili andika majina mapya. Safu ya tatu weka COUNTIF, fomula ya Excel ya kuhesabu, ikuonyeshe jina jipya lililojirudia, kwa sababu kila linalojirudia ni faili linaloweza kupotea. Safu ya nne inaweza hata kukuandikia amri zenyewe za `ren`, yaani kubadili jina:

`="ren """&A2&""" """&B2&""""`

Vuta chini, nakili, bandika kwenye faili la .bat. Ukiharibu, geuza A na B, utoe amri za kurudi nyuma. Orodha hiyo ndiyo "tendua" pekee utakayokuwa nayo.

Umeme. Kuhamisha ndani ya diski ile ile ni kubadili anwani tu, ndiyo maana folda ya GB 20 inahama kufumba na kufumbua. Kutoka kwenye kompyuta kwenda flashi au diski ya nje ni jambo jingine kabisa: mashine inanakili kwanza, halafu inafuta kule ilikotoka. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ikizimika katikati, unabaki na vipande huku na huku. Kwa safari kama hiyo usihamishe. Nakili, linganisha idadi na ukubwa, fungua machache uone yanafunguka, ndipo ufute mwenyewe. Angalia pia flashi imefomatiwa vipi. Ikiwa kwa mfumo uitwao FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, hata kama flashi ni ya GB 64 na iko tupu, na video ya sendofu inafika huko bila shida.

Funga programu zote. Windows itakataa kuhamisha waraka ulio wazi kwenye Word, na huo ni wema. Linux haikatai, na programu ikihifadhi baadaye inaweza kuandika faili jipya kule kule ulikotoa, ukabaki na matoleo mawili. Kama folda inasawazishwa na Google Drive au OneDrive, simamisha usawazishaji kwanza, maana faili linalotoka ndani ya folda hiyo linahesabiwa limefutwa, na litatoweka kwenye kompyuta za wenzako pia.

Mwisho waulize wanaotumia hayo mafaili. Mhasibu anaweza kuwa na jedwali la Excel linalovuta namba kutoka "Uvinza Machi.xlsx", na ukilipa jina jipya yeye akiwa hayupo, jedwali lake litaendelea kulitafuta la zamani. Kwenye Excel, sehemu ya Data ina Edit Links (kwenye matoleo mapya Workbook Links) inayoonyesha jedwali linategemea mafaili gani. Ukikuta humo jina lililo kwenye orodha yako, litoe kwenye orodha, uliache lilipo mpaka mwenye jedwali arudi akae nawe pembeni.