Kukagua msimbo wa kufufua QEMU iliyoganda

Wakuu, ukipewa kukagua mabadiliko ya msimbo unaofufua QEMU (programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta) ikiganda, achana kwanza na majina ya vigeu, uliza msimbo huo unajuaje kwamba mashine imeganda kweli. Huku Mtwara umeme ukicheza swichi ya mtandao inazima, diski ya NFS (inayosomwa kupitia mtandao) inapotea kidogo afu inarudi, sasa msimbo ukisubiri sekunde 5 tu ndo uue, utaua mashine isiyo na tatizo lolote. Muda huo ukae kwenye mipangilio.

Pa kukomaa napo ni kwenye kuua. SIGTERM kwanza (ishara ya kuiomba prosesi, yaani programu inayoendeshwa, ijifunge), ikigoma ndo SIGKILL (kuiua kwa lazima), ila ukipiga ps, amri ya kuorodhesha prosesi, ukaona herufi D, yaani imekwama ikisubiri diski, hata kill -9 (ndo hiyo SIGKILL) inaweza isifue dafu hadi diski irudi. Kwa hiyo lazima msimbo uhakikishe prosesi ya zamani imekufa ndo uwashe nyingine, QEMU mbili zikiandika diski moja data imeliwa hiyo. PID (namba ya prosesi) nayo hutumika upya, ilinganishwe na muda prosesi ilipoanza.

Majaribio rahisi tu: igandishe QEMU kwa kill -STOP (ishara ya kuisimamisha), hapo SIGTERM haifanyi kitu mpaka uiamshe, utaona kama msimbo unavuka kwenda SIGKILL. Asiyeonyesha jaribio hilo mrudishie kazi yake.