Namna ya Kuisoma Miungano ya Vyama vya Utaifa Katika Bunge la Ulaya

Mkazi wa Dodoma hahitaji kuelezwa bunge ni nini. Msimu wa bajeti ukifika nyumba za wageni hujaa, magari ya serikali huongezeka barabarani, na wanafunzi wa sayansi ya siasa wa Chuo Kikuu cha Dodoma hupata somo lao mlangoni. Lakini msomaji huyohuyo akikutana na habari kwamba vyama vya utaifa na vya siasa kali za mrengo wa kulia vimeungana katika Bunge la Ulaya, mara nyingi hukosa pa kuanzia, kwa sababu katika Bunge letu mbunge huketi, huchangia na hupiga kura chini ya chama chake, wakati kule chama kimoja peke yake hakifiki mbali. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji huyo, na msimamo wake ni kwamba miungano hii hushikamanishwa na hesabu za kanuni kabla ya kushikamanishwa na itikadi. Anayetaka kuielewa na aanze na kanuni, aende kwenye kura, na jina la kundi aliache mwisho.

Anza basi na kanuni. Bunge la Ulaya lina wabunge 720 kutoka nchi 27 za Umoja wa Ulaya, waliochaguliwa moja kwa moja na wananchi Juni 2024. Wabunge hao hawaketi kwa nchi zao. Huketi kwa makundi ya kisiasa, na kundi halitambuliwi mpaka liwe na wabunge wasiopungua 23 wanaotoka katika angalau robo ya nchi wanachama, yaani nchi 7. Hapo pana tofauti kubwa na Bunge la Afrika Mashariki lenye makao yake Arusha, ambako kila nchi hupeleka wabunge 9 wanaochaguliwa na bunge la nchi hiyo, wa kwetu wakichaguliwa hapahapa Dodoma, na ambako mbunge hutambulika kwanza kwa nchi anayotoka.

Kundi likishatambuliwa hupata fedha za uendeshaji, watumishi, muda wa kuchangia na sauti katika kikao cha viongozi kinachopanga ajenda, na nafasi katika kamati hugawanywa kwa kuzingatia ukubwa wa makundi. Mbunge asiye na kundi hukosa sehemu kubwa ya hayo. Ndiyo maana hata chama kilichojijenga nyumbani kwa kuwahubiria wananchi kwamba wageni ndio chanzo cha matatizo yao hulazimika, siku ya kwanza tu bungeni, kutafuta marafiki wa kigeni kutoka nchi nyingine sita. Wala haitoshi kukusanya vichwa, kwa kuwa wanakundi wanatakiwa wawe na mwelekeo wa kisiasa unaofanana. Mwaka 1999 wabunge wa Front National ya Ufaransa, Lega Nord ya Italia na wengine walianzisha kundi huku wakitamka wazi kwamba hawana siasa za pamoja, Bunge likakataa kulitambua, na mwaka 2001 mahakama ya Ulaya ikaunga mkono uamuzi huo.

Hatua ya pili ni kuhesabu, na hapa ninamwomba msomaji asiwe na haraka. Chukua karatasi, andika nchi upande mmoja na idadi ya wabunge upande wa pili. Bunge jipya lilipofunguliwa Julai 2024, upande wa kulia wa ukumbi ulikuwa na makundi matatu ya aina hii. La kwanza, Wazalendo kwa Ulaya, lilikuwa na wabunge 84 wakiongozwa na Jordan Bardella wa Ufaransa, na lilitokana na tangazo lililotolewa Vienna tarehe 30 Juni na Viktor Orbán, aliyekuwa waziri mkuu wa Hungary, pamoja na Andrej Babiš wa Czech na Herbert Kickl wa Austria. La pili, Wahafidhina na Wanamageuzi wa Ulaya, lilikuwa na wabunge 78, nguzo zake zikiwa Fratelli d'Italia, chama cha waziri mkuu wa Italia Giorgia Meloni, na PiS, chama cha wahafidhina cha Poland. La tatu, Ulaya ya Mataifa Huru, lilikuwa na wabunge 25 tu.

Kundi hili dogo ndilo linalofundisha zaidi. Wabunge wake 25 walitoka nchi 8: Ujerumani 14, wote wa AfD, chama cha siasa kali za mrengo wa kulia cha nchi hiyo, Poland 3, Bulgaria 3, kisha mmoja mmoja kutoka Czech, Ufaransa, Hungary, Lithuania na Slovakia. Lifanyie hesabu. Wakiondoka wabunge watatu wowote, idadi inashuka hadi 22 na kundi linaweza kufa. Wakiondoka wawili tu kati ya wale watano walio peke yao kutoka nchi zao, nchi zinabaki 6 na kundi linaweza kufa vilevile, hata kama wabunge 23 bado wapo. Kwa maneno mengine, mbunge wa Lithuania asiyejulikana na yeyote nje ya nchi yake ana uwezo wa kumtikisa Mjerumani mwenye wabunge 14. Kila usomapo kwamba kundi fulani limempokea mbunge mmoja mwenye rekodi ya kutia shaka, rudi kwenye karatasi yako uangalie nchi yake ilikuwa na wangapi.

Historia inathibitisha hesabu hii. Januari 2007, Romania na Bulgaria zilipojiunga na Umoja wa Ulaya, vyama vya siasa kali vilipata wabunge wa kutosha kuunda kundi lao, lililoitwa Utambulisho, Desturi na Mamlaka. Lilikufa Novemba mwaka huohuo. Mbunge wa Italia Alessandra Mussolini alikuwa ametoa maneno ya kuwashutumu Waromania, wabunge wa chama cha România Mare wakajitoa kwa hasira, na idadi ikashuka chini ya 20, kiwango cha wakati ule. Baada ya uchaguzi wa 2014, Marine Le Pen wa Ufaransa na Geert Wilders wa Uholanzi walikuwa na wabunge wa kutosha lakini nchi zikapungua. Walilazimika kusubiri hadi Juni 2015, walipompata mbunge wa Uingereza aliyefukuzwa katika chama cha UKIP na wengine wawili wa Poland.

Hatua ya tatu ni kutafuta jambo ambalo taifa moja likilidai, taifa jingine ndani ya kundi hilohilo linaumia. Uhamiaji ndio mfano bora. Vyama hivi vyote vinataka wahamiaji wapungue, na majukwaani wote huimba wimbo mmoja. Lakini Italia ni nchi ya kupokea boti, hivyo maslahi yake ni nchi nyingine zibebe sehemu ya mzigo, ilhali Poland na Hungary hazitaki kupangiwa hata mtu mmoja. Juni 2023, mawaziri wa nchi wanachama walipopigia kura mkataba mpya wa uhamiaji, serikali ya Meloni iliunga mkono, na serikali ya PiS, mshirika wake wa kundi moja bungeni, ikapinga pamoja na Hungary. Urusi nayo ni ufa wa aina hiyo: baada ya uvamizi wa Ukraine wa 2022, PiS ilisimama kidete na Kyiv huku Orbán akipinga misaada mingi kwa Ukraine, na vyama hivyo viwili vilivyokuwa vikilindana dhidi ya Brussels, makao makuu ya Umoja wa Ulaya, vimebaki katika makundi tofauti.

Dodoma tuna kumbukumbu ya kutusaidia kulielewa jambo hili, ingawa vyama vyetu havihusiani na itikadi hizo. Aprili 2014, ndani ya Bunge Maalumu la Katiba, CHADEMA, CUF na NCCR-Mageuzi walitoka ukumbini kwa pamoja wakijiita Ukawa, wakiwa wameunganishwa na suala la muundo wa muungano. Mwaka uliofuata lilipokuja suala la mgombea urais, Profesa Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti wa CUF. Msomaji na ajiulize kwa kila muungano ni jambo gani moja limewakutanisha, na ni jambo gani la pili bado halijafika mezani.

Hatua ya nne ni kusoma kura zenyewe. Sisi tumezoea kuona bajeti ya serikali ikipitishwa mwezi Juni kwa kuita majina, kila mbunge akitajwa na kujibu ndiyo au hapana. Bunge la Ulaya mjini Strasbourg hutumia mitambo, lakini kura za majina huchapishwa kwenye tovuti ya Bunge hilo, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuzisoma. Tafuta kura iliyoligawa kundi. Tarehe 27 Novemba 2024 Halmashauri Kuu mpya ya Umoja wa Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja huo, iliidhinishwa kwa kura 370 dhidi ya 282. Fratelli d'Italia, ambao mwenzao Raffaele Fitto alikuwa amepewa umakamu wa rais wa Halmashauri hiyo, walisema ndiyo, na PiS wakasema hapana. Julai 2025, mbunge wa Romania kutoka kundi hilohilo la Wahafidhina aliwasilisha hoja ya kutokuwa na imani na Ursula von der Leyen, rais wa Halmashauri hiyo. Ilipata kura 175 na kupingwa na 360, na Fratelli d'Italia hawakuiunga mkono. Angalizo moja ni muhimu hapa: uchaguzi wa rais wa Halmashauri, kama ule wa Julai 2024, hufanywa kwa siri, kwa hiyo hapo tunategemea kauli za wapigakura wenyewe.

Kisha litazame kundi kwa macho ya wale wasiolitaka. Wazalendo walikuwa kundi la tatu kwa ukubwa, lakini makundi ya katikati yaliwanyima unaibu spika na uenyekiti wa kamati, wakati Wahafidhina walipata manaibu spika wawili na kamati tatu. Jumla ya makundi yote matatu ilikuwa 187, mmoja pungufu ya kundi la Chama cha Watu wa Ulaya peke yake lenye 188. Wingi wa wabunge wote 720 ni 361. Hata wote watatu wakikubaliana hawafiki popote bila kundi hilo kubwa la wahafidhina wa wastani, na kundi hilo likiamua kupiga kura nao, kama lilivyofanya Septemba 2024 kuhusu Venezuela, wingi mwingine huzaliwa siku hiyo. Mimi naona hapo ndipo penye uzito, na ndipo waandishi wengi hupita haraka.

Baada ya hayo yote ndipo uandike. Usiyafunge makundi matatu katika neno moja, kwa maana wenyewe hukataana: Mei 2024 AfD ilifukuzwa katika kundi lililowajumuisha Le Pen na Matteo Salvini wa Italia, baada ya mgombea wake mkuu kusema kwamba si kila aliyevaa sare ya SS, kikosi cha Wanazi, alikuwa mhalifu. Taja chama na nchi yake kabla ya kundi, kisha taja tarehe ya hesabu unayoitumia, kwa sababu wabunge huhama, na idadi ya Julai 2024 haifai kuandikwa kana kwamba ni ya leo.