Anticuchos: moyo wa ng'ombe wa mkaani kama wanavyouchoma Lima

Mwambie muuza nyama akupe moyo mzima wa ng'ombe. Akikufungia vipande vilivyochanganywa na maini, mrudishie. Anticuchos, mishkaki ya Peru, hutaka moyo peke yake, na kazi kubwa iko kwenye kisu kuliko kwenye moto.

Nimefundishwa na jirani yangu hapa Paterson, New Jersey, mji wenye Waperu wengi. Ni mama mtu mzima, mzaliwa wa Chincha, kusini mwa Lima, mji mkuu wa Peru, kwenye wazao wengi wa Waafrika waliopelekwa Peru utumwani. Kwao husimuliwa kwamba mabwana walijichukulia nyama, watumwa wakaachiwa moyo na matumbo, nao wakavitia siki na pilipili hadi vikawa chakula cha kugombewa. Utumwa ulifutwa Peru mwaka 1854. Anticuchos zikabaki, na hadi leo jioni za Lima utawakuta akina mama wanaoitwa anticuchera wakipepea mkaa mitaani, hasa Oktoba, mwezi wa maandamano ya kidini ya Señor de los Milagros, yaani Bwana wa Miujiza. Kwangu mimi hizi ni habari za ndugu waliochukuliwa mbali, ndiyo maana sipendi kuona mtu akizipika ovyo.

Pasua moyo upande mmoja, uufungue ulale bapa. Ondoa mafuta ya nje, mishipa migumu ya juu, damu iliyoganda, na ule utando mweupe unaoteleza ndani. Usione uchungu kutupa. Utando ukibaki, kipande hujikunja motoni na hakitafuniki. Kinachotakiwa ni nyama nyekundu tupu. Kata vipande bapa vya upana wa vidole viwili, unene wa sentimita 1. Mazoea yetu ya mishkaki ni kukata vinono vya mraba, lakini hapa yaache: moyo unataka kuiva upesi, ukikaa sana motoni unakauka na kukakamaa.

Kwa kilo 1 iliyosafishwa, chukua vijiko 4 vya chakula vya ají panca iliyosagwa. Ni pilipili ya rangi nyekundu iliyokolea, ina harufu kama ya moshi na ukali mdogo, na huuzwa kwenye chupa katika maduka ya watu wa Amerika Kusini. Ukiikosa, loweka pilipili kavu nyekundu zisizo kali kwenye maji moto, toa mbegu, usage. Ladha haitakuwa ileile, ila itakuwa njema. Pilipili kichaa usithubutu, itafunika kila kitu. Ongeza punje 6 za kitunguu saumu zilizopondwa, robo kikombe ya siki ya zabibu nyekundu, kijiko cha chai cha bizari nyembamba iliyosagwa, oregano kavu uliyoifikicha kwa kiganja, pilipili manga, chumvi na mafuta kidogo. Tenga sehemu ya rojo hilo kwanza, ndipo uchanganye lililobaki na nyama. Lililogusa nyama mbichi halipakwi kwenye nyama iliyoiva. Weka kwenye friji usiku kucha.

Kesho yake menya mahindi mabichi, maganda usiyatupe. Yachane nyuzi nyuzi upande mmoja, yafunge upande wa pili: hiyo ndiyo brashi yao, na hubeba mafuta vizuri ajabu. Chemsha mahindi na viazi. Mahindi ya sukari ya Marekani siyapendi kwa chakula hiki. Choclo ya Peru ina punje kubwa za unga, na mahindi meupe ya nyumbani kwetu Tanga yako karibu nayo zaidi.

Tunga vipande 3 au 4 kwenye kijiti kilicholowekwa, ukivichoma kwa ubapa wake ili vilale sawasawa. Mkaa uwe umeshika kabisa, mwekundu. Chovya brashi kwenye rojo ulilotenga lililochanganywa na mafuta, paka kwa ukarimu. Moto utaruka, na ndiyo ladha yenyewe. Dakika 2 hadi 3 kila upande zinatosha. Kata viazi katikati, vibabue pembeni ya nyama mpaka vishike rangi, kisha kaa na watu wako mle palepale jikoni, kwa sababu moyo uliopoa hukazana.