Namna ya Kutunga Muziki wa Okestra kwa Tukio la Kufukuzana katika Filamu

Kabla ya kuandika nota hata moja, keti na mwongozaji wa filamu mtazame tukio zima mara kadhaa, mkubaliane muziki utaanzia wapi na utakomea wapi. Suala la kukomea ndilo linalosahaulika zaidi. Katika filamu ya Bullitt ya mwaka 1968, muziki wa Lalo Schifrin hupandisha wasiwasi wakati magari yanaviziana katika mitaa ya San Francisco, kisha hunyamaza mbio zenyewe zinapoanza, na kuanzia hapo injini na matairi ndiyo yanayosikika. Hakikisha pia kwamba mhariri amekwisha kufunga picha, yaani hatabadilisha tena urefu wake, kwa kuwa sekunde moja ikikatwa baadaye, hesabu zako zote zitavurugika.

Hesabu hizo ndizo kiini cha kazi. Filamu huenda kwa fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde. Kwa hiyo ukichagua mwendo wa mapigo 144 kwa dakika, kila pigo litachukua fremu 10 kamili. Tuseme gari linaanguka darajani fremu 500 baada ya muziki kuanza, yaani karibu sekunde 20.8. Hapo yatakuwa yamepita mapigo 50, na ukiandika vipimo, yaani mafungu ya mapigo, vya mapigo manne manne tangu mwanzo, anguko litatua katikati ya kipimo cha 13, mahali pasipo na uzito. Usikimbilie kubadilisha mwendo. Andika vipimo 10 vya mapigo manne na viwili vya mapigo matano, na anguko litatua sawasawa kwenye pigo la kwanza la kipimo cha 13. Kipimo hicho kirefu kidogo kina faida nyingine: msikilizaji, bila kujua sababu, huhisi ardhi imeteleza chini ya miguu yake, na hiyo ndiyo hofu tunayoitafuta.

Ndiyo maana vipimo visivyo shufwa vimependwa sana katika kazi hii. Schifrin huyohuyo aliuandika muziki wa utangulizi wa Mission: Impossible, wa mwaka 1966, kwa mapigo matano, akiyagawa katika vipande vya nusu-pigo tatu, tatu, mbili na mbili.

Usijaribu kuitikia kila ngumi na kila risasi. Chagua matukio matatu au manne yanayobadilisha hali ya mhusika, uyape mkazo, na mengine uyaachie mdundo uyabebe. Binafsi naona kosa hili huharibu kazi nyingi za wanaoanza kuliko udhaifu wa melodia.

Mdundo wenyewe upe ala za nyuzi, selo na viola, kwa nota fupi zinazorudiwarudiwa, huku besi zikigusa mikazo tu. Melodia iwe fupi, ya nota nne au tano, na iwe na nota ndefu juu ya mdundo huo wa haraka. Honi nne za okestra zikiipiga kwa sauti moja husikika vizuri hata kelele zikiwa nyingi. Ala za shaba zisianze mapema. Midomo ya wapigaji huchoka, na tena sikio likishazoea tromboni tangu mwanzo, huna kitu cha kuongeza gari litakapoanguka. Kumbuka vilevile kwamba injini na milipuko hujaza sauti za chini, mahali zilipo timpani na ngoma kubwa. Kwa hiyo muulize mhandisi wa sauti kutakuwa na kelele gani, na pale zitakapokuwa nzito peleka mwendo wa nota juu, kwenye violini na zailofoni.

Siku ya kurekodi, kila mpigaji atavaa kisikilizio chenye mlio wa kuhesabu mapigo, na mwongozaji wa okestra ataufuata mlio huohuo. Panga kabla ya nota ya kwanza mapigo matupu yanayotosha kipimo kizima au viwili, na uandike mabadiliko ya vipimo kwa tarakimu kubwa, kwa kuwa wapigaji wengi huona karatasi hizo kwa mara ya kwanza asubuhi hiyohiyo. Ikiwezekana, rekodi ala za shaba peke yake na ala za nyuzi peke yake, ili katika kuchanganya sauti mwongozaji wa filamu aweze kupunguza tarumbeta chini ya maneno ya mwigizaji bila kuugusa mdundo wa selo.