Kicheza muziki hakionekani kwenye kompyuta: tafuta kwanza mawasiliano yamekatikia wapi

Kicheza muziki kinapokataa kuonekana kwenye kompyuta, wengi hukimbilia kukifomati, yaani kufuta kila kilichomo na kukiandaa upya, au kupakua draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa) kutoka tovuti wasizozijua, na hivyo hupoteza nyimbo walizozikusanya kwa miaka kabla hata hawajajua kosa liko wapi. Mimi hutengeneza vifaa hivi, na kabla sijagusa chochote hutafuta mawasiliano yamefika wapi ndipo yakakatika. Umeme unaweza kufika na data isifike; data inaweza kufika na kompyuta ikashindwa kukitambua kifaa; tena kompyuta inaweza kukitambua vizuri kabisa lakini isikipe mahali pa kuonekana. Kwa anayetazama skrini hali hizo zote ni moja, ila tiba zake ni tofauti kabisa. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, na usizidharau zile za mwanzo.

Hatua ya 1: Kipe umeme wa kutosha

Kicheza kilichokaa kabatini kwa miezi huishiwa betri kiasi cha kushindwa kuwaka, na kifaa kisichowaka hakiwezi kujitambulisha kwa kompyuta. Kichomeke kwenye chaja ya ukutani ya volti 5 kwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kuamua lolote. Ninasisitiza chaja ya ukutani kwa sababu tundu la USB 2.0, kwa mujibu wa kanuni zake, hutoa miliampia 100 tu kwa kifaa ambacho bado hakijajitambulisha, na baada ya hapo ukomo ni miliampia 500. Vicheza vyenye diski ndogo inayozunguka ndani ndivyo vinavyotaabika zaidi, maana diski huhitaji nguvu nyingi pale inapoanza kuzunguka. Ukiisikia ikijaribu kisha ikanyamaza, shuku umeme kwanza.

Hatua ya 2: Usiuamini waya kwa sababu tu unachaji

Hapa ndipo ninapokutana na kosa mara nyingi kuliko mahali pengine popote. Waya wa kawaida wa USB 2.0 una nyuzi nne ndani yake: nyekundu ya umeme, nyeusi ya kurudishia umeme, na mbili za data, ambazo kwa kawaida ni ya kijani na nyeupe. Nyaya nyingi zinazouzwa kwa ajili ya kuchajia zina nyuzi mbili tu za umeme, na kwa nje huwezi kuzitofautisha na nyaya kamili. Niliwahi kuukata kwa kisu waya mmoja uliokuwa mnene na wenye ganda zuri la nguo, nikakuta ndani nyuzi nyekundu na nyeusi, na nafasi yote iliyobaki imejazwa pamba. Mwenye kicheza alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba kifaa chake kimekufa, kumbe hakikuwa na tatizo lolote.

Kwa hiyo alama ya betri inayojaa kwenye skrini ya kicheza inathibitisha jambo moja tu, kwamba umeme unapita. Ili kuupima waya wenyewe, uchomeke kwenye kifaa kingine chenye tundu la aina hiyohiyo, kwa mfano kamera au simu, kisha uhamishe faili moja kupitia waya huo. Faili ikihama, waya ni mzima. Ikiwa huna kifaa kingine cha kupimia, azima waya ambao mwenyewe ameutumia siku za karibuni kuhamishia faili, wala si ule anaochajia tu.

Waya ukiwa mzima, mulika tochi ndani ya tundu la kicheza. Vumbi na nyuzinyuzi za mfukoni hushindiliwa humo kila unapochomeka waya, mpaka zinakuwa kama kizibo kigumu, na plagi haifiki mwisho. Nyuzi za umeme zinaweza kugusa huku za data zikigusa nusunusu, na ndiyo maana kifaa hutokea kwa sekunde chache kisha kikapotea. Zima kicheza, chukua kijiti chembamba cha mbao kavu, uchokonoe kwa upole ukifuata kingo za tundu bila kuugusa ulimi ulio katikati. Usitumie sindano wala pini, kwa kuwa chuma hupinda miguso na huweza kuunganisha umeme pasipostahili.

Hatua ya 3: Badilisha tundu la kompyuta

Chomoa kigawanyaji cha USB kama unakitumia, na uchomeke kicheza moja kwa moja kwenye kompyuta. Kwa kompyuta ya mezani, tumia matundu ya nyuma, kwa sababu yako kwenye bodi kuu yenyewe, ilhali yale ya mbele hutegemea waya mwingine wa ndani ambao unaweza kuwa umelegea.

Hatua ya 4: Washa upya pande zote mbili

Zima kompyuta na uiwashe tena, kisha ukilazimishe kicheza kuwaka upya. Kwa iPod classic, sogeza kitufe cha kufunga kwenda na kurudi, halafu ushikilie Menu pamoja na kitufe cha katikati kwa takriban sekunde nane mpaka nembo itokee. Nembo ikitokea, ukishikilia mara moja kitufe cha katikati pamoja na kile cha kucheza na kusimamisha, kifaa huingia katika hali ya diski, ambayo mara nyingi huonekana kwenye kompyuta hata pale hali ya kawaida inapokataa. Vicheza vingi vingine huwaka upya kwa kushikilia kitufe cha kuwashia kwa muda mrefu. Hakuna wimbo unaofutika kwa kuwasha upya.

Hatua ya 5: Iulize kompyuta inaona nini

Kwenye Windows, shikilia kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika devmgmt.msc, kisha ubonyeze Enter. Orodha ya vifaa itafunguka. Iache wazi, chomeka kicheza, na uitazame kwa makini. Kwenye Mac fungua taarifa za mfumo katika sehemu ya USB, na kwenye Linux andika lsusb katika dirisha la amri.

Orodha isipotikisika kabisa, data haipiti, na huna budi kurudi kwenye waya na tundu hata kama ulidhani umemalizana navyo. Ikitokea alama ya manjano yenye msimbo wa 43, mara nyingi maana yake ni kwamba kompyuta ilikiomba kifaa kijitambulishe na haikupata jibu la kueleweka. Watu hutafuta draiva mpya hapo, ilhali kwa uzoefu wangu kosa huwa kwenye waya au tundu kuliko kwenye programu. Ukishabadilisha vyote viwili na alama bado ipo, bofya kulia juu ya jina la kifaa, kiondoe kwenye orodha, chomoa waya, washa kompyuta upya na uchomeke tena, ili Windows ijiwekee upya draiva yake. Draiva za vicheza vya kawaida tayari zimo ndani ya Windows. Tafadhali usipakue programu inayodai kutafuta draiva zote kwa niaba yako.

Jina la kicheza likitokea bila alama yoyote, shukuru, kwa maana kifaa ni kizima na kilichobaki ni mpangilio.

Hatua ya 6: Chagua lugha ambayo pande zote mbili zinaielewa

Vicheza vingi vinaweza kuunganishwa kwa njia mbili, na menyu ya mipangilio ya USB huziita MSC na MTP. Katika MSC, kompyuta hukitwaa kicheza kama diski ya kawaida na kukipa herufi yake, kwa mfano E. Katika MTP, kicheza hubaki na mamlaka juu ya hifadhi yake, na kompyuta hukiomba faili mojamoja. Ndiyo maana hakipati herufi ya diski, bali hutokea kama kifaa chenye jina lake.

Windows huelewa zote mbili, isipokuwa matoleo yenye herufi N mwishoni mwa jina, ambayo hayana sehemu za muziki na video pamoja na MTP. Hayo huhitaji kuongezewa kifurushi cha vipengele vya midia, ambacho Microsoft hukitoa bure. Mac haifungui MTP bila programu ya nyongeza, kwa hiyo badili kicheza kiwe MSC. Ujue pia kwamba katika baadhi ya vicheza, nyimbo zilizowekwa kwa njia moja hazionekani ukiingia kwa njia nyingine. Ukikuta folda tupu usiogope wala usijaze upya. Rudisha mpangilio wa awali uone kama nyimbo zimo.

Hatua ya 7: Ipe diski herufi

Ikiwa uko kwenye MSC na orodha inakitambua kifaa, lakini hakuna diski mpya iliyotokea, fungua diskmgmt.msc kwa njia ileile ya awali. Huenda kicheza kimo bila herufi, au herufi yake imegongana na ya diski ya mtandao. Bofya kulia juu yake, uchague kubadilisha herufi, na uipe iliyo mbali kwenye alfabeti.

Windows ikikuuliza kama unataka kufomati, kataa kwanza. iPod iliyotayarishwa kwenye Mac huleta swali hilo kwenye Windows kwa sababu tu Windows haisomi mpangilio wake wa faili, na nyimbo zote bado zimo ndani.

Hatua ya 8: Rekebisha faili, na ufomati ukiwa umekosa njia nyingine

Kicheza kilichochomolewa katikati ya kuhamisha faili huweza kuharibika jedwali lake la faili, yaani orodha inayoonyesha kila faili iko wapi. Nakili kwanza kila kinachofunguka, kisha uandike chkdsk E: /f katika dirisha la amri, ukiweka herufi ya kicheza chako badala ya E. Ikishindikana, fomati kwa kutumia menyu ya kicheza chenyewe wala si kompyuta, kwa kuwa menyu hiyo inajua muundo ambao kifaa kinautaka.

Na kama kicheza hakionekani kwenye kompyuta mbili tofauti kwa waya uliothibitishwa, chomeka plagi na uitikise kidogo sana. Ikiwa kinatokea na kupotea kwa mtikisiko huo, lehemu ya tundu imepasuka; acha kukichomeka, na umpelekee fundi pamoja na waya uliotumia, ukimweleza kwamba umeme unafika na data inakatika.